Jibu: Wazee wameacha kuja kwenye ibada ya Alhamisi

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umeeleza kwamba wazee wa mtaa wenu hapa Dodoma wameacha kuhudhuria ibada yao ya Alhamisi jioni, nawe unahofu kwamba imani imepoa. Kwanza angalieni saa na njia ya kurudi nyumbani, kwa maana sisi kanisani kwetu tuliihamishia ibada ya wazee saa nne asubuhi, tukawakodia bajaji, na wengi wakarudi, isipokuwa katika miezi ya mvua na kilimo, Desemba hadi Aprili, ambapo sisi ndio huwafuata majumbani. Waombeni wawafundishe vijana nyimbo za Kigogo; kwetu bibi mmoja aliyekuwa kimya mwaka mzima sasa ndiye anayeongoza. Someni nao Zaburi 71:9, “Usinitupe wakati wa uzee”, polepole, kisha kila mmoja aombe, hata akikawia.