Rais ana kinga. Je, uamuzi wake nao unayo?

Swali: Ninafundisha shule ya sekondari nchini Kenya. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Rais hashtakiwi akiwa madarakani, nao wananiuliza ni kwa uwezo gani, basi, majaji hubatilisha maamuzi yake. Niwajibu vipi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamesoma sawasawa, ila hawajatenganisha mtu na tendo lake. Kifungu cha 143 cha Katiba ya 2010 kinamkinga Rais aliye madarakani dhidi ya kesi za jinai, na pia dhidi ya kesi za madai kuhusu jambo alilotenda au aliloacha kutenda katika kutumia mamlaka aliyopewa na Katiba. Hakisemi popote kwamba tendo lenyewe halichunguzwi. Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua iwapo jambo lolote linalodaiwa kufanywa kwa mamlaka ya Katiba linapingana nayo, na kwa sababu hiyo mlalamishi humshtaki Mwanasheria Mkuu badala ya Rais.

Kesi ya BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta) inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine yoyote. Mahakama Kuu, Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa, Agosti mwaka huo, ziliona kwamba Rais anaweza kushtakiwa kwa madai akiwa madarakani ikiwa amekiuka Katiba. Mahakama ya Juu ikalikataa hilo tarehe 31 Machi 2022. Hata hivyo, katika uamuzi huo huo, ilisema kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia ya Kifungu cha 257, kwa kuwa njia hiyo ni ya wananchi. Kinga yake ilibaki, mpango ukaanguka.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko katika utekelezaji. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji wapya, na Kifungu cha 166 kinamtaka Rais awateue kulingana na pendekezo hilo. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2020 kwamba analazimika kufanya hivyo, lakini ilipofika Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais mwingine kuingia. Rais anapokaidi kwa namna hiyo, jaji hawezi kumfunga. Katiba inaliachia Bunge hatua ya kumwondoa chini ya Kifungu cha 145, kwa kura za thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na kisha katika Seneti.