Ukihama, nyumba uiuze au uipangishe? Anza na nani atakwenda bomba likipasuka

Picha iliingia kwenye simu saa mbili usiku, nikiwa jikoni Dodoma nakoroga uji wa mtoto. Dari la sebule ya nyumba yetu ya Kinyerezi lilikuwa limevimba, jipsamu imeshuka katikati kama shuka iliyolowa, na doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia limeizunguka taa. Chini yake kuna ndoo ya bluu, maji yamefika nusu. Mpangaji aliandika maneno machache tu: "Shikamoo mama. Hali ndiyo hii tangu juzi." Ilikuwa Aprili 2018, masika yamekolea Dar es Salaam, na mimi niko kilomita 450 kutoka kwenye paa langu.

Usiku ule nilipiga simu saba. Fundi aliyetuezekea alikuwa Mafia kwenye kazi nyingine. Shemeji yangu wa Tabata, tuliyemwachia funguo za akiba, alikuwa zamu ya usiku. Asubuhi akapatikana fundi wa kuokoteza, akapanda juu, akapigilia misumari, akachukua elfu themanini. Mvua iliyofuata maji yakaingia sehemu mbili.

Kila baada ya muda mfupi kuna mtu kazini au kanisani ananiuliza swali lile lile. Amehamishiwa Mwanza, au mume amepata kazi nje ya nchi, na wana nyumba waliyoijenga kwa jasho. Wauze au wapangishe? Karibu wote wanaanza na bei: dalali amesema itafika ngapi, kodi ya mwezi itakuwa ngapi. Mimi nawaomba waanze kwingine. Bomba likipasuka Jumapili mchana, nani atakwenda? Mtaje kwa jina. Kama jina hilo huna, au unalo lakini ni la mtu utakayekuwa unamwomba kwa kuona haya kila mara, basi hesabu zote za kodi unazopiga ni za hewani.

Sisi hatukujiuliza hivyo. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, wengi wetu maofisini tulipokea kwa mashaka, kwa sababu habari ya makao makuu kuhamia Dodoma ilikuwepo tangu 1973. Mwaka uliofuata nikapewa barua. Nyumba tulianza kuijenga 2007 na kuhamia 2012, bado madirisha ya vyumba viwili yamezibwa kwa mabati. Kila kilichoingia pale nilikiandika kwenye daftari moja kubwa lenye jalada gumu: lori la mchanga, tofali za nchi sita, nondo, malipo ya fundi Jumamosi kwa Jumamosi, na risiti nikazibandika kwa gundi. Neno "kuuza" halikutamkwa ndani kwetu. Tukampata mpangaji ndani ya wiki mbili, akalipa kodi ya miezi sita, tukafunga mizigo.

Mwenzangu wa ofisini yeye aliuza. Aliuza ya Goba ndani ya wiki tatu, na nilimwonea huruma. Kosa lake moja lilimgharimu kweli: alimwambia dalali tarehe ya kuripoti Dodoma. Kuanzia siku hiyo kila mnunuzi aliyeletwa alikuwa anaijua tarehe, na kila mmoja alisubiri wiki ya mwisho ndipo ataje bei. Ukiamua kuuza, hiyo tarehe iwe siri yako na ya mwenza wako. Lakini kwa fedha ile ile pungufu alinunua kiwanja kilichopimwa Dodoma, akajenga taratibu, na 2019 alikuwa anaishi kwake. Mimi mwaka huo nilikuwa napanga mtaa wa Kisasa, Dodoma, kwa 350,000 kwa mwezi na mikono imejaa simu za Kinyerezi.

Niwape hesabu ya mwaka wangu mmoja, 2020, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Kodi ilikuwa 450,000, kwa mwaka ingekuwa 5,400,000. Nyumba ilikaa miezi miwili bila mtu, kwa hiyo nilipokea 4,500,000. Kodi ya Serikali kwenye pango ni asilimia 10: 450,000. Msimamizi, nitamweleza hapa chini, 600,000. Kupaka rangi baada ya mpangaji kutoka, kunyonya karo la choo, koki mbili na kufuli la geti: 950,000. Kodi ya ardhi na vidogo vingine, kama 100,000. Nikabaki na 2,400,000 kwa nyumba ambayo wakati huo ingeuzwa kwa 110,000,000 hivi. Ni asilimia mbili na kidogo. Mwaka huo huo mimi mwenyewe nililipa pango Dodoma 4,200,000. Maana yake nilikuwa mwenye nyumba ambaye anatoa 1,800,000 kwenye mshahara ili apate pa kulala.

Piga hesabu yako namna hiyo, na uweke miezi ya nyumba kukaa tupu hata kama una mpangaji mzuri leo. Halafu linganisha na fedha hiyo ingekuwa wapi kama ungeuza. Mwaka 2022 hatifungani ya Serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, ilikuwa inatolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Sisemi kila mtu akanunue hatifungani. Ardhi ya Dar hupanda thamani, na mtaa ukipata lami unaweza kujuta kuuza. Lakini kupanda thamani huko hakulipi ada ya shule mwezi wa kwanza, na wengi tunaposema "nyumba inaingiza hela" hatujawahi kuandika hata mstari mmoja wa inachokula.

Sasa habari ya msimamizi. Mwaka wa kwanza alikuwa shemeji, bure, kwa upendo. Mtu wa bure huwezi kumwambia kazi yake haikuridhishi. Alipochelewa siku nne kwenda kuangalia chemba iliyokuwa inafurika hadi kwa jirani, nilinyamaza, naye akajua nimenyamaza kwa nini, na Pasaka ile hatukutembeleana. Alipotoka mpangaji wa pili tukakuta bili ya maji ya miezi mitano haijalipwa, na akaunti iko kwa jina la mume wangu. Shemeji hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia aulize bili. Nilimpigia nikamshukuru, nikamwomba apumzike.

Tukamwendea mzee jirani, fundi bomba mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilifunga safari kwa basi, siku nzima barabarani, nikakaa naye barazani kwake na karatasi moja. Elfu hamsini kila mwezi, alipwe nyumba ikiwa na mtu au ikiwa tupu. Kila tarehe 5 anatuma picha tano: paa kwa nje, dari la sebule, mita ya maji, chemba, na sehemu ya chini ya simtanki. Matengenezo yasiyozidi elfu hamsini anafanya bila kuniuliza na anaweka risiti. Aliusoma mkataba mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, ungekuja mapema, lile paa lisingefika pale." Alipanda juu siku hiyo hiyo. Mabati hayakuwa na tatizo. Kofia ya paa, lile bati la kufunika kilele, ndiyo iliyokuwa imeachia, na misumari ya yule fundi wa elfu themanini ilikuwa imetoboa mahali pazima.

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Kwa hiyo mimi ninayewaambia wengine wauze ndiye pia ninayesema kupangisha kunawezekana. Kunawezekana kama kuna mtu analipwa.

Jambo dogo la LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu linaleta ugomvi usio wa lazima. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mpangaji anaponunua umeme. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Andika kwenye mkataba kwamba utamrudishia au utaikata kwenye pango lijalo, usisubiri akupigie simu kwa hasira kwamba amenunua umeme amekatwa.

Ni nani nitamshauri apangishe? Mwenye tarehe ya kurudi inayoaminika: kozi ya miaka miwili, mkataba wa kazi wenye mwisho, au anayestaafu baada ya miaka mitano na anataka kustaafia pale pale. Na ambaye hajui kabisa kama kule anakokwenda patamkubali. Usiuze mwaka wa kwanza wa kuhama kama hakuna deni linalokubana. Sisi miezi sita ya mwanzo Dodoma, lile vumbi na ule ukame vilinitoa machozi, ningeulizwa ningesema tunarudi kesho. Mwaka wa tatu nilikuwa na bustani ya zabibu nyuma ya nyumba ya kupanga. Nyumba ya urithi nayo ni habari nyingine, hiyo usiiguse kabla ndugu hawajakaa kikao na mirathi haijakamilika, hata kama wewe ndiye uliyeikarabati.

Mkiamua kupangisha, pangeni na siku ya kulitazama upya. Sisi tulipanga Desemba 2021. Bila hiyo siku, nyumba inabaki hivyo miaka kumi kwa sababu hakuna asubuhi hata moja mtu anaamka na kusema leo ndiyo leo.

Desemba ilipofika tulikwenda Dar kwa likizo, tukafikia kwa shemeji, tumeshapatana. Jumamosi tukapita Kinyerezi. Tuligonga geti letu wenyewe, tukasubiri. Mke wa mpangaji akatufungulia, akatukaribisha, akatuletea soda kwenye sebule niliyochagua vigae vyake. Pazia zake zilikuwa za kijani, kochi lake limekaa upande ambao mimi nisingeliweka. Watoto wangu waliuliza kama tunaweza kuondoka sasa. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, nikajichunguza, nikakuta siumii. Nilikuwa nafikiria tu kwamba vigae vya pale mlangoni vinahitaji kuzibwa nyufa. Garini mume wangu alisema, "Umeona?" Nikamwambia nimeona.

Kwenye kuuza nitasema machache yaliyotugusa. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza, na wengi hawajui kwamba ridhaa hiyo inahusu hata kuipangisha, si kuuza peke yake. Iandikwe. Mnunuzi makini ataidai, na asiyeidai umwogope. Mpangaji wetu tulimwambia miezi mitatu kabla na tukampa nafasi ya kwanza ya kununua. Hakuweza, lakini aliitunza nyumba mpaka siku ya mwisho, na wanunuzi walipokuja walikuta pamefagiliwa. Dalali tulimkubalia mmoja tu, kwa maandishi. Na kabla ya kutangaza chochote tulihakikisha hati, kodi ya ardhi na bili ya maji havina deni, kwa sababu kila deni linalogunduliwa na mnunuzi linapunguza bei mara mbili ya ukubwa wake.

Halafu daftari. Ukiuza nyumba kwa faida, kodi ni asilimia 10 ya faida hiyo. Ipo nafuu kwa nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi milioni 15. Ya kwetu ilizidi. Hapo ndipo risiti zangu za 2007 zilipofanya kazi. Kila kilichokuwa na risiti kilihesabiwa kuwa gharama, na kila nilichoandika kwa kalamu tu, kama malipo ya vibarua, kilibaki kuwa maandishi. Wewe unayejenga leo, hata kama huna wazo la kuuza, dai risiti na uzipige picha, maana wino wa zile karatasi za mashine unafifia. Zangu nyingine zilikuwa nyeupe kabisa.

Tuliuza Septemba 2022. Sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwenye nyumba ya Dodoma, ambako sasa ndiko kwetu.

Siku ya kukabidhi, wanunuzi walikuja wawili, kijana na mkewe, mjamzito. Mume wangu alikuwa anahesabu funguo mezani. Mimi nilimchukua yule binti uani, nikamwonyesha mahali bomba kubwa linapopita chini ya ardhi kutoka kwenye mita hadi kwenye simtanki, hatua mbili kushoto mwa mwembe, ili wasije wakachimba msingi wa ukuta wakalikata. Akaniomba nimchoree. Nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari, nikachora bomba, chemba mbili, karo, na kofia ya paa iliyowahi kuachia. Pembeni nikaandika namba ya simu ya yule mzee jirani.