Maswali na Majibu: Fleetwood Mac, bendi ya wapiga ngoma na besi

Wiki mbili zilizopita niliandika kwa kupita tu kwamba kati ya bendi za roki za zamani, sijaona iliyobadilisha wanamuziki kama Fleetwood Mac na bado ikafika juu. Sikujua kama nachokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, mengine ya kuuliza kweli, mengine ya kunigombeza. Nimechagua haya.

Shikamoo. Mimi wimbo wa Dreams niliufahamu TikTok, ile video ya jamaa anateleza na ubao barabarani huku anakunywa juisi. Nikajua bendi ni ya yule dada anayeimba. Sasa Fleetwood ni nani, na Mac ni nani? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Yule dada ni Stevie Nicks, na alipoingia bendi ilikuwa na umri wa miaka saba na ushee. Fleetwood ni Mick Fleetwood, mpiga dramu, pande la mtu linalokaribia mita mbili. Mac ni John McVie, mpiga besi. Hakuna hata mmoja kati yao anayejulikana kwa kuimba.

Jina walipewa na Peter Green, mpiga gitaa la solo, jijini London mwaka 1967, alipotoka kwenye bendi ya John Mayall. Nyota alikuwa Green. Angeiita bendi kwa jina lake, nani angemlaumu? Ila alimtaka McVie, na McVie kwa Mayall alikuwa na mshahara wa uhakika, hakutaka kubahatisha. Green akaliweka jina la mwenzake kwenye bendi kama chambo. Onyesho la kwanza, Agosti 1967 kwenye tamasha la Windsor, huyo "Mac" hakuwepo jukwaani: besi ilipigwa na Bob Brunning, aliyekuwa anashikiza tu. Haukupita muda, samaki akanasa.

Ndugu mwandishi, vijana mwawasimulia habari za California na mapenzi. Sisi wazee twaijua Fleetwood Mac ya bluzi, ya Albatross. Mbona huitaji? Na huyo Peter Green alipotelea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Umenishika, mzee wangu. Albatross haina neno hata moja la kuimbwa, na mwanzoni mwa 1969 ilishika namba moja Uingereza. Na wanaodhani Black Magic Woman ni mali ya Santana, mtunzi wake ni Green huyo huyo. Aliutoa na Fleetwood Mac mwaka 1968, Santana akaurudia 1970 ukavuma dunia nzima.

Green alianza kubadilika fedha zilipoingia. Akawa anapanda jukwaani na kanzu, msalaba shingoni, akiwasihi wenzake pesa za bendi wazigawe kwa wenye shida. Machi 1970, wakiwa Munich, alichukuliwa kwenye nyumba moja ya vijana wa mambo ya kisasa, wakatumia LSD, dawa ya kulevya. Wenzake hadi leo wanasema usiku ule ndio uliomchukua. Mimi siupi usiku mmoja lawama zote, maana dalili zilikuwepo kabla. Mei mwaka huo akaacha bendi. Baadaye madaktari walisema ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, akakaa miaka mingi bila kugusa gitaa. Alifariki Julai 2020, akiwa na miaka 73.

Nyongeza kwa ajili yako: mwaka 1998, siku Santana anaingizwa kwenye jumba la heshima la roki la Marekani, Green alikuwepo, wakapiga Black Magic Woman pamoja.

Nimesikia bendi hii ina mkosi wa wapiga gitaa. Ni kweli au ni chumvi ya mashabiki? (Msomaji, Arusha)

Mkosi sijui, lakini orodha inatisha. Baada ya Green, Februari 1971, wako Los Angeles katikati ya ziara. Jeremy Spencer, yule wa kuteleza na chupa kwenye nyuzi, akaaga hotelini kwamba anakwenda duka la vitabu. Hakurudi. Walimtafuta siku kadhaa, wakamkuta kwenye kundi la dini liitwalo Children of God, ametulia, anasema mambo ya bendi yamekwisha. Ikabidi wampigie simu Green, yule yule aliyeacha, aje kuwamalizia ziara. Akaja.

Wa tatu ni Danny Kirwan, aliyeingia mwaka 1968 akiwa na miaka 18. Kipaji kikubwa, moyo mwepesi, pombe nyingi. Agosti 1972, kabla ya onyesho, alilipasua gitaa lake chumba cha nyuma, akakataa kupanda jukwaani. Wenzake wakapiga bila yeye, naye akaenda kusimama kwenye mitambo ya sauti kuwatazama. Wakamfukuza. Miaka ya baadaye alilala kwenye makazi ya wasio na nyumba London, na alifariki 2018. Kila nikisikia gitaa lake nyuma ya lile la Green najisikia vibaya kidogo.

Kuhama bendi si jambo la ajabu. Gurumo na Bitchuka walitoka Juwata wakaenda Mlimani Park, na mashabiki wakawafuata. Kuna tofauti gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ipo moja kubwa. Kwenye dansi letu mwanamuziki alihama kwa sababu kuna bendi nyingine imemwita kwa mshahara bora au vyombo vipya. Ukimpoteza, wiki ijayo unamsikia ng'ambo ya barabara akikupiga vijembe. Fleetwood Mac hawakuibiwa watu. Waliondoka kwa ugonjwa, kwa dini, kwa pombe, kwa wake za watu.

Hilo la mwisho si utani. Mwaka 1973 mpiga gitaa Bob Weston alikuwa na uhusiano na Jenny, mke wa Mick Fleetwood. Mick aliposikia alijikaza, akaendelea kupiga naye jukwaani, mpaka Oktoba uvumilivu ukaisha. Weston akafukuzwa, ziara ya Marekani ikavunjwa.

Ni kweli iliwahi kuwepo Fleetwood Mac feki? (Msomaji, Nakuru)

Kweli kabisa. Ziara ilipovunjika, meneja wao Clifford Davis akadai jina la bendi ni lake. Mapema 1974 akakusanya wanamuziki wengine kabisa, akawatuma Marekani wapige kama Fleetwood Mac. Watu wamelipa kiingilio, pazia linafunguka, hakuna sura wanayoijua! Kesi ikaenda mahakamani London, na mwishowe jina likabaki kwa wenyewe. Wale wa feki wakajiita Stretch na mwaka 1975 wakapata kibao kilichovuma Uingereza.

Katika sakata hili aliyewaokoa ni Bob Welch, Mmarekani aliyeingia mwaka 1971. Ndiye aliyewashawishi wahamie Los Angeles, wawe karibu na kampuni ya santuri, wajisimamie wenyewe. Mwisho wa 1974 akachoka akaondoka, miezi michache kabla neema haijaanza. Mwaka 1998 bendi ilipoingizwa kwenye lile jumba la heshima, waliitwa wanamuziki wanane. Welch hakuitwa. Nasema hivi bila kumung'unya: walimdhulumu.

Stevie na Lindsey walipatikanaje? (Msomaji, Kigali)

Kwa bahati. Mick alikwenda kuangalia studio ya Sound City, na mtayarishaji Keith Olsen, ili aonyeshe jinsi mitambo yake inavyotoa sauti, akampigia wimbo wa vijana wawili waliotoa albamu isiyouzika. Mick akalikumbuka gitaa. Welch alipoondoka akamtaka mpigaji wa gitaa hilo, Lindsey Buckingham. Jibu likawa: bila mchumba wangu Stevie siji. Stevie wakati huo alikuwa anahudumia mezani mgahawani ili walipe kodi. Christine McVie, mpiga kinanda na mke wa John, aliulizwa kwanza kama ataweza kuishi na mwanamke mwingine kwenye bendi. Walipokula chakula pamoja akasema hana neno. Albamu yao ya kwanza wote watano, ya 1975, ilichukua zaidi ya mwaka kufika namba moja Marekani.

Watu wanaoachana wanawezaje kutengeneza albamu kama Rumours? Sisi hapa kwaya tu ilivunjika kwa sababu ya sare. (Msomaji, Bujumbura)

Poleni na sare. Hebu fikiria mwaka 1976, studio isiyo na madirisha mjini Sausalito, California. John na Christine wanaachana, hawasemezani ila kwa mambo ya muziki. Lindsey na Stevie wameachana. Ndoa ya Mick inavunjika. Kila mmoja anamtungia mwenzake wimbo, halafu mwenzake huyo huyo anapaswa kuupiga au kuuitikia. Stevie ilibidi aitikie Go Your Own Way, ambamo Lindsey anamsema yeye, na kuna mstari mmoja alioukataa mpaka kesho. Christine alitunga wimbo kuhusu mpenzi wake mpya, fundi wa taa wa bendi. John alipouliza unamhusu nani, akaambiwa ni mbwa. Akaupigia besi, tena vizuri.

Walizirudia kanda mara nyingi hata zikaanza kuchakaa, sauti za juu zikififia, ikabidi wahamishie kazi kwenye nakala ya akiba. Albamu ikatoka Februari 1977, ikakaa namba moja Marekani kwa wiki 31, na hadi sasa nakala zake zimepita milioni 40.

Wengi husema ugomvi ndio ulioizaa. Sikubaliani. Ugomvi ulikuwepo tangu 1970 na haukuzaa kitu cha namna hii. Kilichobadilika ni watunzi watatu wazuri kukaa bendi moja, na nyuma yao wawili wanaopiga pamoja tangu 1967.

Je, walishafika Afrika? (Msomaji, Kampala)

Mick alifika. Mwanzoni mwa 1981 alikwenda Accra, Ghana, akarekodi albamu yake The Visitor pamoja na wanamuziki wa huko.

Unaisifu sana ngoma na besi. Mbona Lindsey na Stevie walipoondoka bendi ilianguka? (Msomaji, Zanzibar)

Hapo umenibana. Lindsey aliondoka 1987, Stevie 1991, na albamu ya 1995 waliyotoa bila wao haikwenda popote. Kaseti yake niliinunua Kariakoo, nikaisikiliza mara mbili, nikarekodia taarabu juu yake. Mwaka 1997 wale watano wakarudiana, albamu ikaingia namba moja moja kwa moja. Mwaka 2018 wakamfukuza Lindsey, wakawachukua Mike Campbell na Neil Finn, wakazunguka dunia nao. Christine alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 79, na Stevie amesema bila yeye haoni sababu ya kuendelea. Kwa hiyo ngoma na besi peke yake hazitoshi, nakubali. Ila hesabu mwenyewe: wameingia na kutoka zaidi ya kumi, na wawili hao wamebaki.

Niko Leicester. Marehemu baba alikuwa haachi kutazama Formula 1 BBC, na ule muziki wa kufungulia kipindi bado uko kichwani mwangu. Kaka yangu anasema ni Fleetwood Mac. (Msomaji, Uingereza)

Kaka yako yuko sahihi. Ni The Chain, kutoka Rumours, na ndio wimbo pekee wa albamu hiyo wenye majina yote matano kama watunzi, kwa sababu uliungwa kwa vipande vya nyimbo mbalimbali. Usianze mwanzo, utadhani umekosea wimbo. Sogeza hadi dakika ya tatu hivi. Waimbaji wananyamaza, na besi ya John McVie inaingia peke yake.