Chatu wako anapigwa baridi usiku Minnesota

Kaka, umesema tangi unalomfugia chatu linashuka mpaka nyuzi 21 za Selsiasi usiku; na hiyo winta yenu siyo ajabu, maana tangi la kioo lenye wavu juu joto lote linapaa. Funika sehemu kubwa ya wavu na foili, isiguse hita tu, pande tatu za nje bandika maboksi magumu. Ile taa nyekundu ya kumpasha joto usiku achana nayo, chukua hita ya seramiki isiyotoa mwanga LAKINI na themostati (kifaa kinachozima hita joto likifika kiwango ulichoweka), bila hiyo utamuunguza mnyama wa watu. Upande wa moto wa tangi uwe nyuzi 31 mpaka 33, mwingine 25 hivi, na upime chini anapolala siyo ukutani. Na chatu akiwa bado na baridi usimpe panya kwanza, anaweza kumtapika.