Kwa manesi wapya wodi ya wazazi, hawa mabinti wanaonyonyesha wanataka utulivu

Mtakutana nao sana, maana utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Tanzania washawahi kushika mimba. Cha kwanza, ongea na binti mwenyewe, usianze na mama yake aliyemsindikiza.

Mi mwanzoni nilikosea sana. Kuna binti wa miaka 16 alikuwa kageukia ukutani kajifunika khanga hadi kichwani, mtoto analia, nikavuta khanga nikashika titi nikalisukuma mdomoni kwa mtoto, nikaona nimesaidia kumbe nimemdhalilisha. Alilia kimya kimya, na nilivyopita tena usiku nikakuta mtoto anapewa maji ya glukosi kwa kijiko. Tangu siku hiyo simshiki mtu titi bila kumuuliza, nakunja khanga kama mtoto naonyeshea kifuani kwangu mwenyewe, tumbo la mtoto liguse la mama, chuchu imguse mdomo wa juu, subiri apanue kama anapiga miayo ndo umlete, kidevu kigandane na titi, aingize na ile sehemu nyeusi sio chuchu tupu. Chuchu ikichanika, akifika nyumbani maumivu hayo anayabeba peke yake usiku kucha na ataacha.

Alafu bibi, yaani huyo mama wa binti. Msalimie vizuri, shikamoo mama, usibishane nae, mwonyeshe lile dang'a la njano, yaani maziwa ya kwanza, na umweleze tumbo la kichanga ni dogo mno, matone hayo yanamtosha, na miezi 6 hamna maji wala uji. Huyu bibi ndo atabaki na mtoto binti akirudi shule, na toka Novemba 2021 serikali inaruhusu warudi, kwahiyo binti kabla hajaruhusiwa kutoka wodini mfundishe kukamua kwa mkono, anawe kwanza, vidole vikae nyuma ya sehemu nyeusi, asukume kuelekea kifuani ndo abane. Yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, kivulini masaa manne hayana shida hata bila friji, mtoto anyweshwe kwa kikombe sio chupa, chupa kuisafisha ni kazi.

Na hili wengi tunasahau kuwaambia, darasani titi litajaa litalowesha shati mbele ya wenzake, awe na kitambaa ndani, mapumziko akamue, kama hamna sehemu safi amwage tu, maziwa yatatengenezwa mengine.