Jibu: Parasetamoli na ibuprofeni kwa mtoto aliyetolewa tonsili

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama mwanao wa miaka 5, aliyetolewa tonsili juzi, anaweza kupewa parasetamoli na ibuprofeni zote mbili, maana moja haimtulizi.

Ndiyo, zinakwenda pamoja, kila moja inatuliza kwa njia yake. Ila kwanza soma lebo za dawa zote za maji mlizo nazo: nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, unaizidisha bila kujua. Pia daktari aliyempasua awe ameikubali ibuprofeni, hasa kama mtoto ana pumu au shida ya figo, au hanywi maji.

Kipimo kinafuata uzito: parasetamoli isizidi miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, ibuprofeni 10 kwa kilo kila baada ya saa 8. Mwanangu nilimpa kwa saa zilizopangwa, sikungoja alie. Nilibandika karatasi ukutani, kila dozi na saa yake, kwa sababu saa tisa usiku hakuna anayekumbuka nani kampa nini. Pima kwa bomba la dawa, si kijiko cha chai.

Kodeini (dawa kali ya maumivu) na aspirini usimpe kabisa. Akitema damu mbichi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.