Kupiga Picha Mitaa Mitupu ya Dodoma: Anza na Kivuli

Picha dhahania ya mtaa haihitaji jengo zuri wala tukio. Inahitaji maumbo: ukingo wa kivuli unaokata lami, mlango wa duka uliofungwa, nguzo ya umeme na mstari wake mweusi chini. Napiga picha za namna hii katikati ya mji wetu, na anayetaka kuanza namwambia atafute kivuli kabla hajatafuta mtaa. Kivuli ndicho kitu kizito ndani ya fremu. Ukuta ni mahali pa kukiegemeza tu.

Ukishakubali hilo, lijue jua la Dodoma. Tuko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo nguzo huonekana haina kivuli kabisa mchana, na upenu wa duka huangusha utepe mwembamba mweusi chini, kando ya ukuta. Mchana wenyewe hauko saa sita kamili. Huku jua hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu, kwa sababu saa ya Tanzania inafuata longitudo iliyo mbali mashariki mwetu.

Juni ni habari nyingine. Jua linakaa upande wa kaskazini, kivuli cha mchana kinalala kusini kwa urefu unaozidi kidogo nusu ya kimo cha kitu chenyewe. Ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini kutwa nzima, na ule unaotazama kaskazini unawaka. Desemba mambo hugeuka. Ndiyo maana kona ambayo haina kitu mwezi Juni siifuti kwenye orodha yangu. Naiandikia mwezi wa kurudi.

Kwa siku ya kawaida, nenda Jumapili asubuhi. Maduka mengi ya katikati yamefungwa, watu wako makanisani, na saa moja baada ya jua kuchomoza kivuli cha nguzo kina urefu wa karibu mara nne ya nguzo yenyewe. Tembea mitaa iliyo kati ya stesheni ya zamani ya reli, Nyerere Square na Soko la Majengo. Maduka ya zamani yenye baraza yanakupa nguzo zilizojipanga na giza nyuma yake. Angalia pia kingo za barabara zilizopakwa nyeusi na nyeupe, na mitaro ya maji ya mvua ambayo upande mmoja uko juani na wa pili gizani. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji hujaa wageni na magari yameegeshwa kila mahali, kwa hiyo mimi husubiri Julai.

Simu inatosha. Gusa kioo pale penye mwanga mkali, kisha punguza mwangaza mpaka kivuli kiwe cheusi kweli. Wengi wanaogopa hapa, wanataka kila kitu kionekane, na picha inabaki kumbukumbu ya mtaa. Acha giza limeze mabango, nyaya na takataka. Halafu sogea. Hatua mbili kushoto zinaweza kugusanisha kivuli cha nguzo na kona ya ukuta, na pembetatu ikazaliwa pale ambapo palikuwa na vitu viwili visivyohusiana. Usitumie zumu kabla ya kutumia miguu. Ondoa anga pia, hasa la kiangazi lisilo na wingu, isipokuwa kama lina umbo lake kati ya mapaa mawili.

Kuna njia nyingine ya kupata utupu. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya barabara kubwa ya Paris, na barabara ikatoka tupu. Watu walikuwepo, ila sahani yake ilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na waliokuwa wakitembea hawakuacha alama. Alionekana mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Leo ukiwa na kamera, stendi ya miguu mitatu na kichujio cheusi cha lenzi kinachopunguza mwanga unaweza kufanya hivyo hata Jamatini penye pilikapilika. Binafsi siipendi sana njia hii. Dakika za kusubiri zinatosha jua kusogea, na ukingo wa kivuli unalegea pale ninapoutaka mkali kama wembe.

Mwisho kuna walinzi. Mtaa mtupu wa Jumapili una mlinzi kwenye kila baraza, na yeye anamwona mtu anayeelekeza kamera kwenye mlango wa duka la tajiri wake. Mwendee kabla hujatoa kamera. "Shikamoo mzee, napiga kivuli cha hii nguzo," kisha mwonyeshe picha ulizokwisha kupiga. Mara nyingi ataanza kukuonyesha ukuta mwingine, maana anajua kivuli kinapopita kuliko wewe. Ofisi za serikali kule Mtumba zina mistari mizuri sana, lakini huko omba ruhusa kwanza, na vituo vya polisi na kambi za jeshi usivielekezee kamera kabisa. Mlinzi akikukatalia, mshukuru uende mtaa wa pili mapema, kwa sababu ifikapo saa tatu vivuli vimeshafupika.